Moshi Nao Upewe Mlango Wake
(Maneno ya mwanachama mmoja katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Kintinku)



Kamati imeniomba nizungumzie jiko langu lenye dohani, au bomba la moshi kama tulivyozoea kusema. Lilijengwa kwa mkopo wa kikundi hiki, na mwanzoni lilituletea maneno mengi. Nitasema yote, hata ya aibu, ili anayetaka kujenga asirudie kosa langu.

Wengi wetu tumekulia ndani ya tembe. Tembe ni nyumba ya akili kwa jua hili la Ugogo: paa la udongo, kuta nene, mchana ndani kuna ubaridi. Lakini moshi wa mafiga hauna pa kutokea. Wazee walituambia moshi unafukuza wadudu kwenye mbegu, na ni kweli. Ila huku unahifadhi mbegu, huku unammaliza mama. Tulipohamia kwenye nyumba za bati, mafiga tukayahamisha pamoja na moshi wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Jamani, hao ni watoto wanaobebwa mgongoni wakati mama anasonga ugali.

Mwaka wangu wa tatu kikundini, mama mkwe alikuwa anakohoa usiku kucha. Nikaomba mkopo nijenge jiko. Mnakumbuka kikao kile! Wengine walisema mkopo ni wa biashara, jiko halizai. Wenzangu wawili wakasimama kunidhamini, nikapewa.

Fundi niliyempata alikuwa hodari wa kuta, lakini dohani hajawahi kujenga. Akaijenga fupi, ikaishia chini ya ukingo wa paa. Mimi nikaona sawa, matofali yamebaki. Ulipofika mwezi wa Julai, upepo wa kiangazi ukaanza. Ukigonga paa unashuka, unaingia kwenye bomba, na moshi wote unarudi jikoni, mbaya kuliko wa mafiga. Watu wakasema, "Mkopo umekwenda na moshi." Nililipa kwa kuuza alizeti niliyoiweka kwa ajili ya sare za watoto, maana sikutaka wadhamini wangu wafuatwe. Miezi ile nilikuja vikaoni nikiwa nimeinamisha uso.

Baadaye nikapata fundi mwingine anayejua kazi hiyo. Tukabomoa, tukajenga upya kwa matofali yale yale. Aliyonifundisha ndiyo haya.

Kwanza, dohani haisukumi moshi, inauvuta. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo inapanda. Bomba likiwa refu, mvuto unaongezeka. Kwa hiyo lipite juu ya paa angalau futi 3, na lizidi kwa futi 2 sehemu yoyote ya paa iliyo karibu nalo ndani ya futi 10. Hapo upepo unapita juu bila kuurudisha moshi. Juu yake weka kofia ya bati yenye miguu minne, mvua isiingie na moshi upate njia pande zote.

Pili, upana. Wengi tunadhani bomba pana ndilo zuri. Sivyo. Likiwa pana mno, moshi unapoa humo humo na kukosa nguvu ya kupanda. Langu lina nafasi ya nchi 6 kwa 6 ndani, na mlango wa kuni ni kama huo huo. Msidhani shida hii ni ya kwetu tu. Nyumba za London nazo zilikuwa zikijaa moshi, ingawa zilikuwa na dohani kubwa. Mwaka 1796 bwana mmoja mzaliwa wa Marekani, Benjamin Thompson, aliyeitwa Count Rumford, aliandika kwamba dawa ni kulibana koo la dohani libaki nchi 4 tu. Watu wakabana, moshi ukapanda. Sisi Kintinku hatuhitaji moto wa kuota kama wao, lakini moshi ni ule ule.

Tatu, udongo. Ndani ya jiko usitumie saruji, inapasuka kwa moto. Tumia udongo wa kichuguu na mchanga. Tengeneza vitofali vidogo vya michanganyiko tofauti, vikauke kivulini, kisha chagua ule usiopasuka. Tundu la sufuria lichongwe kwa sufuria yako mwenyewe, ikae bila kuacha upenyo. Tena liwe imara, maana ugali wa uwele hausongwi kwenye jiko linalotikisika.

Nne, hatari ya moto. Ukuta wa dohani uwe na unene wa nchi 4 au zaidi, na usimame kwa timazi. Boriti, fito au kenchi isiguse dohani kabisa. Acha nafasi ya nchi 2, na pale inapotoboa paa zungushia bati. Mwenye paa la nyasi aongeze uangalifu maradufu, maana cheche moja inatosha kuteketeza nyumba.

Tano, subira. Acha jiko likauke wiki mbili au tatu, kisha anza na moto mdogo. Chini ya dohani acha tofali moja lisilojengewa, la kuchomoa. Kila mwezi unalitoa, unasafisha masizi. Masizi yakijaa, moshi unarudi, na yanaweza kushika moto.

Nisiwadanganye, dohani haimalizi kila kitu. Inautoa moshi ndani, lakini haiufuti. Kuni mbichi bado zinasumbua. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Anayeweza gesi na anunue gesi. Ila yule ambaye leo jioni atawasha kuni, naye ana mapafu.

Mama mkwe bado anakohoa, maana kifua kilichokula moshi miaka hamsini hakirudi kuwa kipya. Lakini sasa anakaa jikoni na wajukuu, anachambua mlenda, macho makavu.

Mama Mwenyekiti, ombi langu ni moja. Kwenye mkutano mkuu ujao, tuingize mkopo wa jiko katika katiba yetu, na fundi akaguliwe na kikundi kabla ya fedha kutoka. Walisema jiko halizai. Mimi nasema mama mzima ndiye anayezaa hisa zote tunazozihesabu leo. Na wale wawili walionidhamini, wao wanajijua. Mbele ya mkutano huu nasema: asanteni, ndugu zangu.

Kidumu kikundi chetu!