Tikiti Linakwenda Nairobi, Sukari Inabaki Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanakikundi kwa vikundi vya kujisaidia vya kando ya mto Tana, Garissa)

Hatukuja kama madaktari. Sisi ni wakulima kama ninyi, wa tikiti, nyanya, vitunguu na sukuma wiki. Tumekuja kuwaeleza jambo lililotukuta sisi wenyewe.

Mwenzetu mmoja alikuwa na kiu isiyoisha. Usiku anaamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Sisi tukasema, ah, ni joto la Garissa tu. Alipokwenda kupimwa aliambiwa ana ugonjwa wa sukari, na uzito wake umezidi. Tulishangaa. Huku kwetu tumezoea kuogopa njaa. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo na watoto wakakonda. Nani angefikiri kuwa unene nao ni shida yetu?

Basi tukakaa chini tukatafuta sababu. Zamani wengi wetu tulifuata ngamia na ng'ombe kutwa nzima. Sasa tumehamia mjini na kando ya barabara. Miguu imepumzika, lakini mdomo haukupumzika: chai ya sukari, anjera, pasta, wali, sambusa, mahamri. Na tikiti tunalolima? Tunalipakia kwenye lori linakwenda Nairobi, halafu pesa yake tunanunulia sukari!

Tufanye hesabu kidogo. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula. Nguvu ambayo mwili haukuitumia unaiweka akiba kama mafuta. Ukitia vijiko vitatu vya sukari katika glasi moja ya chai, na ukanywa glasi sita kwa siku, umekunywa kalori karibu 290 za sukari peke yake. Hizo ni sawa na karibu kilo nzima ya tikiti lililomenywa. Nani kati yetu anamaliza kilo ya tikiti asishibe? Lakini chai sita tunakunywa na bado tunauliza chakula kiko wapi. Na mafuta je? Kijiko kimoja kikubwa kina kalori karibu 120, sawa na nusu kilo ya mchicha mbichi.

Siri ya mboga na matunda ni maji na nyuzinyuzi. Vinajaza tumbo bila kuleta kalori nyingi. Lakini sikilizeni vizuri: ukila tikiti juu ya sukari ile ile na mafuta yale yale, hutapungua. Ni lazima kimoja kitoke ndipo kingine kiingie.

Sisi tulifanya hivi:

1. Sukari ya chai tuliipunguza polepole, kijiko kimoja kila wiki mbili. Iliki na tangawizi zinasaidia ulimi usilalamike.

2. Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, sukuma wiki, majani ya kunde, kabeji, biringanya, ama kachumbari ya nyanya na matango yenye limau. Wali au pasta inabaki robo, na nyama au maharagwe robo.

3. Mafuta tunapima kwa kijiko. Hatumimini tena kutoka kwenye mtungi.

4. Tunda tunalila, hatulinywi. Juisi ya embe iliyotiwa sukari ni chai nyingine tu. Ndizi na embe zina kalori zaidi kuliko tikiti na papai. Tende zina nyingi sana, kwa hiyo chache zinatosha. Mwenye sukari ale kipande cha tikiti, asile zima.

5. Mboga za kuliwa mbichi tunaziosha kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, si maji ya mto. Kipindupindu tunakijua.

6. Jioni, jua likipoa, tunatembea nusu saa.

Sasa onyo. Maneno haya ni ya mtu mzima aliyezidi uzito. Katika nyumba moja unaweza kukuta mama mzito na mtoto aliyekonda. Huyo mtoto apewe maziwa na mafuta yake, msimpunguzie! Mama mjamzito na anayenyonyesha pia wasijipunguze. Anayemeza dawa za sukari au presha asiziache, na kabla ya kubadilisha chakula au kufunga aongee na daktari. Na mtu akikonda bila kukusudia, hiyo si heri. Aende akapimwe.

Mwenzetu yule tunampima kwa mizani ile ile ya vitunguu, na kila mara tunacheka. Kwa miezi sita ameshuka kilo 5. Vidonge bado anameza, lakini kidonda kimefunga na shambani amerudi.

Kikundi chetu kimekata shauri: kabla lori halijapakiwa, kila mwanachama anabeba tikiti moja na fungu la mboga kwenda nyumbani. Tena, kwa kuwa mto una hasira, na mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya 2024 tuliyaona, kila nyumba ina gunia la mchicha mlangoni. Tunalimwagilia maji tuliyooshea mboga.

Lori lipakiwe, ndugu zetu, pesa tunaihitaji. Lakini lisiondoke na afya yetu yote.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
– Nyumbani kwetu kilo moja ya sukari inakaa siku ngapi?
– Katika mavuno yetu, ni sehemu gani inafika jikoni?
– Nani kati yetu hajawahi kupimwa sukari wala presha, na tutampeleka lini?