Kwa Nini Shule? Solomon Mahlangu, Wanawake wa Pretoria na Urithi Uliobaki Mazimbu



Kampasi hii ya Mazimbu, Morogoro, inaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Ukimsimamisha mwanafunzi yeyote getini ukamuuliza Mahlangu ni nani, atakujibu kwamba ni kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na makaburu. Jibu ni sahihi, ila linaishia kwenye kitanzi. Mimi nimekuja na swali linaloanzia hapo. Mahlangu alikufa akiwa askari wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ukombozi cha ANC. Wenzake walikuwa na kambi ambazo wangeweza kuzipa jina lake. Wakaipa shule. Kwa nini shule?

Jibu langu nitalisema mapema, kisha nitaomba subira yenu nilitetee. Watu waliopinga ubaguzi wa rangi kwa kina zaidi hawakungoja washinde ndipo waanze kuishi kama watu huru. Walianza kuijenga jamii waliyoitaka wakiwa bado chini ya jamii waliyoikataa. Urithi wao tutaupata katika walichokijenga, na hata pale waliposhindwa, kazi ile ilibaki.

Kipande

Neno la kuanzia tunalo sisi wenyewe: kipande. Ndugu zetu wa Kenya wanalikumbuka kwa uchungu, maana kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na cheti chenye alama za vidole na habari za mwajiri wake. Hapa Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Nataka mlishike hilo, kwa sababu ardhi tuliyokalia sasa hivi ilikuwa shamba la mkonge.

Afrika Kusini kipande kilikuwa zaidi ya kadi ya kazi. Kiliamua mtu alale wapi, afanye kazi mji gani, akae mjini siku ngapi, na aishi na mkewe au atengane naye. Polisi angeweza kukidai wakati wowote, na asiyekuwa nacho alilala rumande. Kwa muda mrefu mzigo huo uliwaelemea wanaume. Wanawake walijaribiwa mapema katika jimbo la Orange Free State, na mwaka 1913, mjini Bloemfontein, walikataa. Waliandamana, wakavikataa vipande vyao hadharani na wakaenda jela. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Charlotte Maxeke, mwalimu aliyesoma hadi shahada ya sayansi katika Chuo cha Wilberforce huko Ohio, Marekani, na ambaye mwaka 1918 aliasisi Bantu Women's League. Serikali ikalegeza kamba, na wanawake wengi wakakaa miongo kadhaa bila kubeba kipande.

Katika miaka ya 1950 utawala wa makaburu uliamua kukimaliza kilichobaki. Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kumwandikisha kila raia kwa rangi yake, na nyingine ya kugawa makazi kwa rangi. Kisha vipande vikaanza kupelekwa kwa wanawake. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 wakafika Pretoria, kwenye majengo ya makao makuu ya serikali. Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo walipanda kilima wawili wawili, watatu watatu, kama watu waendao zao sokoni. Wengi walikuwa na watoto mgongoni. Waziri Mkuu Strijdom hakuwapo ofisini kuwapokea. Viongozi wao wakaacha mafurushi ya karatasi zilizotiwa saini, kisha umati ule ukasimama kimya kwa nusu saa.

Watazameni wanne waliokuwa mbele. Lilian Ngoyi, mshonaji wa kiwandani, Mwafrika. Rahima Moosa, mwenye asili ya Kihindi. Sophie Williams, msichana wa miaka 18 kutoka jamii ambayo sheria iliiita ya machotara. Helen Joseph, Mzungu aliyezaliwa Uingereza. Sheria za 1950 ziliwaandika katika madaftari tofauti, zikawapangia mitaa tofauti. Wao walibeba mafurushi yale pamoja. Hawakuomba tu nchi isiyo na ubaguzi. Kwa siku moja waliiunda pale ngazini, Strijdom asiwepo kuiona.

Je, walishinda? Tuseme kweli: hawakushinda. Ilipofika miaka ya 1960 wanawake walikuwa wamekwisha kulazimishwa kubeba kipande, na sheria za vipande hazikufutwa hadi 1986. Lilian Ngoyi alifungiwa kwa amri zilizomzuia kuhudhuria mikutano na kusafiri, akabaki kujikimu kwa cherehani nyumbani kwake Soweto. Alifariki mwaka 1980, miaka sita kabla kipande hakijafutwa. Mtu akipima urithi kwa matokeo ya haraka, mama yule aliondoka mikono mitupu. Lakini utaratibu waliouanzisha, wa kukusanya saini nyumba kwa nyumba, wa kuchanga nauli za treni na wa kuwapata viongozi kutoka kila jamii, ulikuwa shule kabla ya shule hii.

Darasa

Sasa tuingie darasani. Mwaka 1953 ilitungwa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Msimamizi wake, Hendrik Verwoerd, hakuficha kusudi: mtoto Mwafrika afundishwe kwa kiasi kinachomfaa mtumishi. Kipande kilifunga miguu, na sheria hii ilikusudia kufunga mawazo ya mtoto kabla hajajua kwamba anayo. Ndiyo maana naiona kuwa nguzo ya ndani kabisa ya ubaguzi. Mtu anaweza kulitupa jalada la kipande motoni. Akilini mwake atatupa nini?

Watoto walijibu wenyewe. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kukataa kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Polisi wakafyatua risasi, na machafuko yakaenea nchi nzima. Miongoni mwa maelfu ya vijana waliovuka mpaka baada ya hapo alikuwamo mwanafunzi wa Mamelodi, kando ya Pretoria, mtoto wa mama aliyefanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Jina lake Solomon Kalushi Mahlangu, aliyezaliwa tarehe 10 Julai 1956, mwezi mmoja kabla ya mama zake kupanda kile kilima.

Alipata mafunzo ya kijeshi Angola, akarudi nchini mwaka 1977 pamoja na wenzake wawili. Tarehe 13 Juni walizingirwa Johannesburg, katika Mtaa wa Goch, na katika majibizano ya risasi raia wawili Wazungu waliuawa. Vifo hivyo vilikuwa vifo vya watu, na mhadhara wa heshima hauwezi kuviruka. Aliyefyatua risasi alikuwa mwenzake, Mondy Motloung, ambaye alipigwa vibaya hata akaonekana hawezi kushtakiwa. Mahlangu akahukumiwa kifo kwa hoja kwamba walikuwa na nia moja. Rufaa na maombi ya huruma kutoka pande nyingi za dunia hayakusikilizwa. Alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Mabaki yake yalizikwa upya kwao Mamelodi mwaka 1993.

Alikuwa mwanafunzi aliyekatiwa masomo. Basi jibu la kwanza la swali letu ni hili: wenzake walimrudisha shuleni.

Shamba

Urafiki wa Tanzania na wapigania uhuru wa kusini haukuwa wa upande mmoja. Tulipopata uhuru mwaka 1961 na wauguzi wengi Waingereza wakafunga mizigo, ANC ilisaidia kuleta wauguzi Waafrika wapatao 20 kutoka Afrika Kusini kuziba pengo hospitalini. Tulipewa kabla hatujatoa.

Baada ya Soweto ikawa zamu yetu. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania, ikiongozwa na Mwalimu Nyerere, iliipa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa hapa Mazimbu. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, Mama Anna Abdallah, alikuwa miongoni mwa waliolifanikisha jambo hilo. Masomo yalianza 1978 na idadi ndogo ya wanafunzi, na mwaka uliofuata shule ikapewa jina la Mahlangu. Mwaka 1982 ikaongezwa ardhi ya Dakawa. Kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, alipoifungua rasmi Mazimbu mwaka 1985, palikuwa na madarasa, mabweni, hospitali, shamba la mazao na mifugo, na kiwanda cha samani. Fedha na walimu vilitoka nchi nyingi, Skandinavia na Uholanzi zikiwamo. Mikono iliyochanganya saruji ilikuwa ya Waafrika Kusini na ya Watanzania, na baadhi ya mikono hiyo imo ukumbini humu.

Tazameni na majina waliyochagua. Kiwanda cha samani kilipewa jina la Vuyisile Mini, mwanachama wa chama cha wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo, aliyenyongwa mwaka 1964. Kituo cha malezi kikaitwa Charlotte Maxeke, mama yule wa Bloemfontein. Mtoto wa Mazimbu alipoamka, akapita kituoni, akaenda darasani na kurudi kwenye karakana, alikuwa anatembea katikati ya wazee wake.

Masomo nayo yalitungwa kwa makusudi. Pamoja na hisabati na sayansi palikuwa na somo la maendeleo ya jamii na somo la historia ya mapambano, na kila mwanafunzi alifanya kazi za mikono. Sisi tulioisoma sera yetu ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tunalitambua wazo hilo. Verwoerd alitaka Mwafrika afanye kazi asifikiri. Mazimbu ilimtaka afanye kazi akifikiri.

Jambo moja nataka nilikazie. Kituo cha Charlotte Maxeke kiliwapokea wanafunzi waliopata ujauzito na watoto wao, kwa kusudi kwamba mama kijana baadaye arudi kwenye masomo. Njia haikuwa nyepesi, wala si wote waliorudi. Lakini wazo lilikuwepo hapa, juu ya ardhi ya Morogoro, miongo kadhaa kabla ya Novemba 2021, Serikali yetu ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurejea katika shule ya kawaida. Jirani yetu alikuwa akilifanya mbele ya macho yetu. Hapo ndipo ninaposema urithi unaweza kukaa uani kwako usiutambue.

Deni

Tarehe 9 Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na Waafrika Kusini wakarudi kwao. Tarehe 27 Aprili 1994 walipiga kura. Ni ushindi ambao hakuna wa kuupunguza. Ila urithi wa heshima ni pamoja na ukweli wote. Tume za ANC yenyewe, za 1992 na 1993, zilithibitisha kwamba baadhi ya wafuasi wake waliteswa katika kambi za uhamishoni, hasa Angola. Na hapa Morogoro wapo Watanzania waliozaliwa na baba Mwafrika Kusini aliyerudi kwao akawaacha pamoja na mama zao. Wengine wamekua wakilijua jina la baba bila kuiona sura yake. Watoto hao ni sehemu ya historia ya ukombozi kama yalivyo majengo haya, na majengo yamekabidhiwa kwa hati.

Mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wao wakiwa wametoka nchi za Kiafrika. Niliposikia habari zile niliwaza kwamba kati ya waliorusha mawe hakuna aliyewahi kusimuliwa habari za Mazimbu. Usipomfundisha mtoto nani alimhifadhi baba yake, atamwona mhifadhi kuwa mvamizi.

Nasi tusijivike kilemba. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni na Uhindini, na shule zetu zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika hadi zilipounganishwa Januari 1962. Leo rangi imeondoka mlangoni mwa shule, na ada imeketi mahali pake. Kuna mtoto anayesoma kwenye dawati la peke yake, na mwenzake wa mtaa wa pili yuko sakafuni. Sitaki kuuita huo ubaguzi wa makaburu, maana haulingani. Lakini wanawake wa Pretoria wangetuuliza swali gumu: mtoto huyu alipangiwa na nani mahali pa kukaa?

Wanafunzi wangu, swali la kwa nini shule sasa ni lenu. Ombi langu ni dogo na lina kazi ndani yake. Wazee hawa wa Mazimbu mnaowaona mbele walipika, walijenga, waliuguza, waliolewa, waliachwa. Kabla muhula haujaisha, kila mmoja wenu atafute mmoja wao, aketi naye, amrekodi, aandike anachosema, kisha amsomee alichoandika ili mzee amsahihishe. Ombeni ruhusa, chukueni daftari, nendeni na wakati wa kutosha. Pale makaburini Mazimbu wamelala vijana ambao hawakurudi kwao. Wanaowakumbuka kwa sura wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapa, nao wanazeeka.