Kuona Hadharani na Kuuliza Faraghani: Ushuhudiaji wa Mwenendo wa Kila Siku katika Utafiti wa Kiswahili



Mada niliyoichagua inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku bila kulipa jina: kuwatazama watu wakisalimiana, wakipatana bei, wakigombea nafasi garini au wakinyamaza. Swali langu ni hili: je, kutazama huku kunaweza kuwa mbinu halali ya utafiti wa lugha, na kwa masharti gani?

1. Utangulizi

Tunaosoma tasnifu za wanafunzi tunaifahamu hali moja inayojirudia. Katika Sura ya Tatu mtafiti huandika kwamba atatumia hojaji, usaili na ushuhudiaji. Katika Sura ya Nne hojaji zinachambuliwa na usaili unanukuliwa, lakini ushuhudiaji hauonekani tena. Umetajwa kwa sababu vitabu vya mbinu za utafiti vinautaja. Haukufanywa kwa sababu hakuna aliyemfundisha mwanafunzi namna ya kuufanya.

Nitatoa hoja mbili. Kwanza, hojaji hutueleza watu wanachoamini kuhusu lugha yao, ilhali ushuhudiaji hutuonyesha wanachokitenda kwa lugha hiyo. Mambo haya mawili hayalingani daima. Pili, tendo lililoonekana halijawa maana. Mtafiti aliyeona hana budi kurudi kwa waliotenda na kuwauliza, kwa ajili ya ukweli wa utafiti wake na pia kwa ajili ya haki yao.

2. Mbinu hii ilivyotumika

Ushuhudiaji si mgeni katika taaluma za Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapishwa nchini Ujerumani kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maelezo yake ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili jijini Berlin. Mtoro aliandika juu ya mambo aliyoyaishi. Alijua nani humwamkia nani, na kwa maneno gani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameamkia na kuamkiwa.

Katika sosholojia, Erving Goffman aliishi katika kisiwa kimoja cha Shetland, Scotland, kati ya mwaka 1949 na 1951, akiwatazama wenyeji katika shughuli zao za kawaida. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu mwenendo wa watu mahali pa hadhara alieleza kwamba wageni wa mjini wanapopishana hutupiana jicho kwa muda mfupi, kisha kila mmoja huondoa macho ili asimkere mwenzake. Kwake yeye, hata ukimya una kanuni.

Katika isimujamii, William Labov aliingia mwaka 1962 katika maduka matatu makubwa ya New York yaliyotofautiana kwa hadhi na bei. Aliuliza mahali pa bidhaa ambayo alikwishajua kuwa iko ghorofa ya nne. Alipojibiwa, alijifanya hakusikia vizuri, akapata jibu la pili lililotamkwa kwa uangalifu zaidi. Kisha alijitenga na kuandika namna sauti ya r ilivyotamkwa. Alikusanya data kutoka kwa wahudumu 264, na ilionekana kwamba r ilitamkwa zaidi katika duka la bei ya juu kuliko katika duka la bei ya chini. Labov huyohuyo ndiye aliyebainisha tatizo linaloitwa kitendawili cha mshuhudiaji: tunataka kujua watu huzungumzaje wasipotazamwa, lakini hatuwezi kujua bila kuwatazama.

3. Salamu: linalosemwa na linaloonekana

Tuchukue mfano wa salamu. Ukimpa Mtanzania hojaji inayouliza, “Je, vijana huwaamkia wakubwa shikamoo?”, aghalabu atajibu ndiyo, au atalalamika kwamba siku hizi vijana hawaamkii. Majibu yote mawili ni imani. Yana thamani, lakini hayatuelezi kilichotokea leo asubuhi kituoni.

Simama kituoni. Kondakta mmoja wa daladala, kwa muda usiozidi nusu saa, atamwita abiria “mama”, “mzee”, “anko”, “dada” na “bosi”. Utaona kwamba umri pekee hauelezi uchaguzi wake. Wakati wa kuomba watu wasogee nyuma, istilahi za ukoo huongezeka. Ubishi wa nauli unapozuka, huenda zikatoweka. Aidha, mahali penyewe hubadilisha mazungumzo. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Dar es Salaam mwaka 2016, abiria amekuwa akilipa kituoni kabla ya kupanda. Maombi, utani na ugomvi wa nauli kati ya kondakta na abiria havina nafasi ileile ndani ya basi la namna hiyo. Hojaji ya jumla kuhusu “lugha ya usafiri wa mjini” ingezichanganya hali hizi mbili na kuziita moja.

Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1995 kuhusu ukosefu wa adabu katika salamu za Kiswahili, ametukumbusha kwamba salamu ni uwanja wa mahusiano, na kwamba hata kutosalimu ni kusema jambo. Hapa ndipo ugumu unapoanza: ni jambo gani linalosemwa? Macho peke yake hayawezi kujibu.

4. Kosa moja na mafunzo yake

Naomba niseme juu ya kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, nilikaa kwa siku kadhaa kwenye benchi la mama lishe katika soko moja la Dar es Salaam, nikinywa chai na kuandika salamu nilizozisikia. Asubuhi moja alifika mwanamume mwenye mvi za kwanza, wa miaka arobaini na ushei. Kwenye benchi alikuwapo kijana ambaye hakuonekana kufikisha thelathini. Yule mkubwa akasema, “Shikamoo.” Kijana akaitika, “Marahaba,” bila kutabasamu. Waliokuwapo wakacheka.

Niliandika: “Shikamoo ya kejeli, mkubwa amsuta kijana asiyeamkia.” Niliridhika sana na mfano huo. Katika semina ya idara niliutumia kuonyesha kwamba shikamoo inaanza kugeuka chombo cha dhihaka mjini. Hakuna aliyenipinga, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwapo.

Wiki chache baadaye nilirudi pale, nikamsimulia mama lishe nilichokiandika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, yule ni baba yake mdogo. Babu yao alimzaa uzeeni. Ungeuliza.”

Kwa hiyo hapakuwa na kejeli. Palikuwa na mtu mzima anayetimiza wajibu wa ukoo mbele ya watu, na watu waliocheka kwa sababu walizijua kanuni mbili, ya umri na ya ukoo, na waliona ya pili ikiishinda ya kwanza. Data yangu ilikuwa sahihi kwa kila neno. Tafsiri yangu ilikuwa kinyume kabisa. Jambo nililolitangaza kuwa dalili ya kufa kwa desturi lilikuwa ushahidi wa uhai wake.

Mafunzo yake yalikuwa mazito zaidi ya aibu ya semina. Mjini Mtanzania huwa na nafasi nyingi kwa wakati mmoja: ni mdogo kwa umri, baba kwa ukoo, mtani kwa kabila, mdeni kwa biashara. Nafasi hizo hazionekani usoni. Mtafiti anayetazama bila kuuliza hujaza pengo hilo kwa dhana zake, kisha huziita matokeo.

5. Mshuhudiaji barazani

Yapo pia mazingira ambamo kutazama kwa mbali hakuwezekani. Mgeni wa Goffman anaweza kupita barabarani bila kusema neno na asilaumiwe. Katika mitaa ya Zanzibar, Lamu au Mombasa, anayepita mbele ya baraza lenye watu hutarajiwa kutoa salamu. Mtafiti anayesimama kando na daftari, akidhani kwamba ukimya wake unalinda usafi wa data, amekwisha kuivunja kanuni aliyokuja kuichunguza. Wenye baraza watamzungumzia yeye.

Kwa hali hiyo, tofauti ambayo vitabu huiweka kati ya ushuhudiaji shirikishi na usio shirikishi haina budi kupimwa upya katika jamii zetu. Barazani asiyeshiriki haonwi kuwa mtazamaji tu. Huonwa kuwa mkosefu wa adabu. Mtafiti asalimu, ajibu salamu, aeleze shughuli yake kwa ufupi, kisha azoeleke. Ni kweli kwamba kuwapo kwake kutabadilisha mazungumzo ya siku ya kwanza. Dawa ya tatizo hilo ni kurudi siku ya kumi, si kujificha.

6. Mahali pa hadhara si mali isiyo na mwenyewe

Siku ile mama lishe aliponisahihisha, aliniuliza pia, “Na mimi umeniandika nini?” Nilimsomea. Kulikuwa na maneno yake kwa mteja aliyekuwa akidaiwa, pamoja na jina la mteja huyo. Aliniomba niyafute, akisema mwenye deni akisikia limeandikwa hatakuja tena kula wala kulipa. Niliyafuta mbele yake.

Wapo watakaosema kwamba maneno yale yalisemwa sokoni, kila mtu aliyasikia, hivyo hapakuwa na siri. Hoja hiyo haitoshi. Mtu anaposema sokoni husema mbele ya wasikilizaji wa soko hilo, kwa saa hiyo. Daftari huyachukua maneno yale na kuyapeleka kwa wasikilizaji ambao msemaji hakuwachagua. Historia ya taaluma ina onyo lake. Mwaka 1970 Laud Humphreys wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu wanaume waliokutana kwa siri katika vyoo vya bustani za umma. Aliandika namba za magari yao, akapata anwani zao, na baadaye akawaendea majumbani, akiwa amebadili sura yake, kana kwamba anafanya utafiti wa afya. Alilinda majina yao, lakini hakuwaambia ukweli, na utafiti wake umebaki mfano wa kujadiliwa katika maadili ya utafiti.

Leo simu iliyo mfukoni mwa kila mwanafunzi hunasa sauti na picha papo hapo, na suala hili limekuwa la kisheria pia. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Hata hivyo, kibali cha ofisi hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu uliyekaa naye benchi moja.

7. Hitimisho

Naomba nihitimishe kwa mapendekezo manne kwa wanafunzi. Kwanza, andika ulichokiona na unachokidhani katika kurasa mbili tofauti. Laiti ningefanya hivyo, neno “kejeli” lisingeingia katika data yangu. Pili, rudi mahali pale pale kwa saa na siku mbalimbali kabla ya kutoa hukumu. Tatu, wasomee wahusika ulichokiandika, nao wawe na haki ya kukusahihisha na ya kukuomba ufute. Nne, yaliyobaki baada ya hapo yaingize katika Sura ya Nne bila hofu, kwa kuwa ni ushahidi wenye uzito sawa na hojaji yoyote.

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Mengi hayo yapo kituoni, sokoni na barazani, na lugha yetu haitaelezwa kikamilifu na wale wasiokwenda huko. Tuendako, tutangulize salamu, kisha tufungue macho, na kabla ya kuondoka tuulize.