Mtoto mwenye usonji: mikono na miguu nayo ihudumiwe

(Mazungumzo ya mtaalamu wetu wa fiziotherapia katika semina ya kamati za maendeleo za parokia)



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za usonji kwa upande wa lugha na mahusiano: mtoto haongei, haitiki anapoitwa, hachezi na wenzake. Mimi nimeombwa niseme juu ya upande unaosahaulika, yaani mwili: kukaa, kutembea, kuruka, kushika kijiko, kufunga kifungo.

Si sisi tu tunaousahau. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoeleza habari za watoto 11 mwaka 1943, aligusia kwamba baadhi yao hawakuwa wepesi katika mwendo. Hata hivyo, hadi leo ugumu wa viungo haumo katika dalili kuu ambazo daktari anazitegemea kutambua usonji. Mwaka 2020 mtafiti Anjana Bhat wa Marekani alichapisha majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 11,000 wenye usonji. Watoto 87 hivi katika kila 100 walionyesha dalili za kupungukiwa katika kuratibu mwili. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watoto walio wengi.

Sasa mama atajuaje? Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walikaa bila kushikiliwa kabla ya kutimiza miezi 9 na nusu, na walitembea wenyewe kabla ya miezi 18. Kutambaa msikuhangaikie sana. Kama watoto 4 katika 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea vizuri tu. Lakini mtoto aliyepita miezi 18 hajatembea apelekwe hospitali, awe na usonji au asiwe nao. Na yule aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha, asisubiri hata wiki.

Kwa watoto wenye usonji tunaona mambo haya: mwili mlegevu, kutembea kwa ncha za vidole, kuanguka mara kwa mara, kushindwa kudaka mpira, kushindwa kumwiga mwalimu anayepiga makofi. Mara nyingi misuli haina kasoro kubwa. Kinachosumbua ni ubongo kupanga mwendo: nianze na mguu upi, nitumie nguvu kiasi gani, nifuatishe nini. Ndiyo maana mtoto anaweza kupanda ukuta wa jirani leo, na kesho akashindwa kuvaa kaptura. Watu wakiona hivyo humwita mkaidi. Wengine humwambia mama kwamba mtoto amelogwa, au kwamba yeye mama alimdekeza. Hayo yote si kweli, na yanampotezea mtoto miaka.

Kuna mtoto mmoja wa miaka minne ambaye shule ya chekechea ilimrudisha nyumbani. Sababu waliyoandika ilikuwa "hajui kujihudumia". Nilipomwona, haja alikuwa anaijua vizuri. Kilichomshinda kilikuwa kifungo cha suruali! Mama alibadilisha akaweka mpira kiunoni, nasi tukaanza mazoezi ya vidole: kuokota maharage na kuyatia chupani, kuchambua mchele na bibi, kubana nguo kwenye kamba. Miezi mitano baadaye alipokelewa tena. Bado haongei, lakini yumo darasani.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida. Mtoto abebe kidumu kidogo cha maji, asukume ndoo, apande kilima, aruke mistari iliyochorwa chini. Kazi igawanywe vipande: leo avute soksi tu, kesho aanzie kisiginoni. Mshike mkono umwongoze, kisha upunguze msaada kidogo kidogo. Dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, zinamfaa kuliko saa nzima ya kulazimishwa hadi kilio. Na mtoto akipunga mikono au kujizungusha, msimfunge wala kumpiga. Mara nyingi anajituliza.

Nawasihi wanaotangaza tiba msiwaamini upesi. Mazoezi hayaondoi usonji. Yanampa mtoto uwezo wa kula, kuvaa na kucheza.

Nije kwenye fedha, maana najua mnangoja. Parokia mbili zimeomba chumba cha mazoezi chenye mipira mikubwa na bembea kutoka nje. Kwa maoni yangu tusianze huko. Chumba kitafungwa kwa kufuli, na mzazi wa kigango cha mbali hatakifikia. Mzazi mwenye kibarua akija mjini kwa tiba anapoteza ujira wa siku na nauli ya watu wawili, naye huacha baada ya safari ya tatu. Naomba fedha hizo zilipie nauli, na mtaalamu afike vigangoni mara moja kwa mwezi awafundishe wazazi na walimu wa chekechea papo hapo. Bembea fundi seremala wetu ataitengeneza.

Kila kamati iniletee idadi ya watoto wa chini ya miaka sita wanaotiliwa shaka, bila majina, kabla ya mgawo wa robo ijayo.