Alama za Buluu na Damu Inayopotea Ndani
(Mazungumzo na wahudumu wa afya wa vijijini)

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao pengine hamtauona maishani. Mbona basi tuutaje? Kwa sababu mtoto aliye nao anaweza kutibiwa miaka mingi bila ya mtu kuutambua.

Hebu fikirini: mtoto amechoka, viganja vimepauka. Dispensari anapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Anapata nafuu. Baada ya miezi michache, amerudi vile vile. Na mgongoni ana vinundu laini vya buluu. Ukivibonyeza vinabonyea kama mpira, ukiachilia vinajaa tena. Mama hakuvitaja kwa kuwa jirani alisema ati ni laana. Nasi, tuseme ukweli, mara nyingi tunaangalia viganja tukasahau mgongo.

Kumbe vinundu hivyo ni mishipa ya damu iliyoumbika vibaya ikapanuka. Vingine viko matumboni, vinavuja damu pole pole. Kumpa vidonge tu ni kujaza mtungi uliotoboka.

Daktari William Bean wa Marekani aliupa ugonjwa huu jina mwaka wa 1958, kwa ajili ya ile buluu na ule ulaini wa mpira. Mwaka wa 2017 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wengi wana mabadiliko katika jeni iitwayo TEK, na kwa kawaida hayarithiwi. Kwa hivyo si laana, wala si kosa la mama.

Tufanye nini?

Kwanza, tumtazame mtoto mwili mzima.

Pili, tuulize juu ya choo cheusi kama lami. Lakini vidonge vya kuongeza damu pia hukifanya choo kiwe cheusi, kwa hivyo tuombe kipimo cha damu iliyojificha chooni.

Tatu, vinundu visichanjwe kwa wembe. Vitatoka damu.

Nne, aende hospitali kubwa. Huko huchunguzwa matumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Wengine huzibwa panapovuja, wengine hupasuliwa. Dawa iitwayo sirolimasi imewasaidia wengi, chini ya uangalizi wa daktari.

Ugonjwa hauondoki kabisa, lakini mtoto anaweza kurudi shule.

Basi mkiandika barua ya kumtuma hospitali, msiandike "amepungukiwa damu" peke yake. Andikeni na yale mliyoyaona kwenye ngozi.