Vijana wa halaiki nao waulizwe



Inapofanyika sherehe kubwa ya kitaifa uwanjani, wako watu wanaoisubiri halaiki kuliko hotuba. Mimi ni mmoja wao, wala sioni haya kusema hivyo. Mamia ya wanafunzi wanaingia mbio, wanatawanyika kama mchele uliomwagika, na kabla hujapepesa macho wameandika tarakimu za umri wa nchi au wamechora bendera. Tunapiga makofi, kesho yake magazeti yanasifu, basi yameisha hadi mwaka mwingine. Swali langu la leo ni dogo, lakini sijalisikia likiulizwa sana: katika kulipanga onyesho lile, kijana anayelicheza aliulizwa nini?

Kwa desturi kazi ya kupanga ni ya walimu na wakufunzi. Wao huchora karatasini, huchagua wimbo, huhesabu hatua, ndipo watoto huletwa kuonyeshwa mahali pa kusimama. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, tena nzito. Mchezaji aliye katikati ya uwanja haioni picha anayoichora. Yeye anaona kisogo cha mwenzake wa mbele na kiatu cha aliye kuliani. Picha inaonekana juu jukwaani. Watoto mia nane wakiachiwa kila mmoja aseme lake, haitatokea bendera, litatokea soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Hilo nakubali bila ubishi.

Lakini hoja hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba lazima awepo mtu mmoja wa kuiangalia picha nzima. Haithibitishi kwamba aliye chini hana analolijua. Yeye ndiye anayejua kuwa kutoka mstari huu hadi ule hesabu nane hazitoshi kwa mwenye miguu mifupi. Ndiye anayejua kuwa pale penye kona pana shimo, na kwamba anayebebwa juu ya mabega hutetemeka kwa sababu aliye chini yake amechoka. Mambo hayo karatasi ya mwalimu haiyaonyeshi.

Tuvuke bahari kidogo. Huko Marekani kuna vikosi vya vijana vya ngoma na matarumbeta ambavyo huandamana kwa mpangilio uwanjani na kushindana kila kiangazi. Wachezaji ni wenye umri usiozidi miaka 22 au karibu na hapo. Wanazunguka nchi nzima kwa mabasi kuanzia Juni hadi Agosti, wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, na gharama, ambazo ni maelfu ya dola, hulipa wao na wazazi wao. Onyesho lenyewe halizidi sana dakika kumi. Hutungwa na wataalamu wa kukodiwa: huyu wa muziki, huyu wa hatua, huyu wa bendera na dansi. Na kwa kuwa waamuzi hutoa alama kila wanaposhindana, wataalamu hao hubadilisha onyesho katikati ya msimu. Kijana aliyezoea njia yake kwa majuma sita huambiwa asubuhi kuwa njia hiyo imefutwa, ajifunze nyingine, na jioni aicheze mbele ya watu.

Sasa sikiliza jambo linalonifurahisha katika historia yao. Hadi kuanzia miaka ya 1970, kanuni za mashindano makubwa zilitungwa na vyama vya askari wastaafu. Viongozi wa vikosi walichoka. Walisema wanaofanya kazi ndio wanaojua, kwa hiyo wao ndio wapange kanuni. Mwaka 1971 vikosi kadhaa vikubwa vikaungana kugoma utaratibu ule, na mwaka 1972 wakafanya ubingwa wao wa kwanza huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, chini ya chama chao wenyewe, Drum Corps International, ambacho kipo hadi leo. Hoja yao ilikuwa ya haki kabisa. Ila ilipofika kwa wakurugenzi ikasimama. Haikuteremka ngazi moja zaidi hadi kwa anayepuliza tarumbeta juani. Ndivyo tulivyo binadamu; sauti tunaidai kwa wakubwa wetu, tukishaipata tunaifungia kabatini.

Mtu ataniambia, vijana wakipewa madaraka wanaharibu. Na mfano upo, tena hukohuko Marekani. Mwaka 2011 kiongozi wa gwaride katika bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M alikufa baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi, katika kile walichokiita desturi ya bendi. Ni msiba mkubwa. Lakini tuuchunguze. Pale vijana hawakupewa sauti mbele ya wakubwa wao. Walijitengenezea utawala wao gizani. Kuulizwa maoni kikaoni, mwalimu akiwepo, ni kitu kingine kabisa.

Na kwa nini twende mbali? Beni ni yetu. Ngoma ile, ambayo jina lake limetokana na bendi za kizungu, ilianza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam. Vita vya kwanza vya dunia vikaieneza bara pamoja na askari na wapagazi. Profesa Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vijana wa Marini na Arinoti walivaa sare, wakatembea kwa hatua za kijeshi, wakajipa vyeo vya wafalme na majenerali, na wakatunga nyimbo zao juu ya mambo ya mtaani. Hakuna bwana mkubwa aliyewachorea. Wakoloni waliwatilia shaka, wakidhani nyuma ya gwaride lile kuna njama. Waliona vijana wa Kiafrika wakipanga mistari iliyonyooka bila Mzungu kuwaamuru, na jambo hilo liliwasumbua.

Kwa hiyo asiniambie mtu kuwa kijana wa Kiafrika kupanga gwaride ni mambo mapya ya kuiga. Kilicho kigeni ni watoto kupangwa kama matofali. Mfano mkubwa wa aina hiyo ni Pyongyang, ambako maonyesho ya Arirang yalikuwa yakiwakusanya watu wapatao laki moja, na maelfu ya wanafunzi wakikaa nyuma wakigeuza kadi kuunda picha. Kwa macho ni ajabu ya dunia. Lakini mwaka 2014 tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza haki za binadamu nchini humo iliyataja mazoezi yale, na madhara yake kwa watoto, miongoni mwa mambo ya kulaumiwa.

Sisi hatuko huko. Hata hivyo jua la Desemba Dar es Salaam na la Januari Unguja tunalijua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asinyimwe haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Sioni maneno yanayosema isipokuwa wakati wa halaiki.

Ninachopendekeza si kura. Mwalimu abaki na karatasi yake na filimbi yake. Lakini juma la kwanza, kabla mchoro haujakauka, viongozi wa safu waitwe, wavulana kwa wasichana, waulizwe mambo ya miili yao: hatua gani haiwezekani, nani anaumia, mapumziko yawe saa ngapi, maji yako wapi. Waulizwe pia juu ya wimbo, maana wao ndio watakaouimba, na huenda wakawa na maneno yanayochangamka kuliko yale tuliyoyazoea. Kisha sehemu moja ya onyesho, hata dakika mbili, waachiwe waitunge wenyewe. Mwalimu aikague, airekebishe, lakini asiifute bila kuwaeleza sababu. Wakishindwa, dakika mbili hazivunji sherehe.

Wakufunzi wa halaiki wananisikiliza, najua. Wale ambao wamekwisha kujaribu jambo kama hili katika shule zao waniandikie kupitia gazeti hili, waseme lilivyokwenda, hata kama lilikwenda vibaya. Barua nitazisoma hapahapa.