HESABU ZA BABU, ZA BABA NA ZA WATOTO WETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya hesabu za skuli na jinsi zilivyobadilika tangu wazee wetu hata leo. Labda mtu atauliza, ubao na chaki vyahusu nini chama cha wafanya kazi? Vyatuhusu sana. Karatasi ya mshahara ni hesabu, mapatano na tajiri ni hesabu, na asiyeweza kuzikagua hulipwa kwa kuamini tu.

Tuanze na babu zetu. Wakati wa Waingereza watoto walisoma mbalimbali, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kwa mpango wa Beecher wa mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alichujwa kwa mtihani baada ya miaka 4 tu, na wengi wakaishia hapo. Basi hesabu alizopata zilikuwa za kumtosha kutumwa kazi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, na vipimo. Hivyo vipimo ndivyo vilivyokuwa mzigo. Inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, yadi 1,760 ni maili. Wakia 16 ni ratili, ratili 2,240 ni tani. Ukiwa na vipimo vya namna hii huna budi kuimba jedwali la kuzidisha mpaka 12, wala 10 haitoshi.

Na hapa kwetu kazini palikuwa na kichekesho. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, upana wake ni mita 1 kamili, lakini urefu wake ulihesabiwa kwa maili. Mita ile kwa kipimo cha Mwingereza ni futi 3, inchi 3 na sehemu 3 katika 8. Jaribuni kuzidisha hiyo bila karatasi! Hata gunia la mahindi la kilo 90, asili yake ni gunia la ratili 200 la zamani. Wazee waliopakia mabehewa walijua mara moja kwamba tani ni magunia 11 na ratili 40 juu. Hatusemi walifunzwa vyema, maana hawakuelezwa kwa nini, na fimbo ilikuwa karibu. Lakini walichojua walikijua kichwani, na karani hakuwaibia kwa urahisi.

Wakaja baba zetu. Mwaka 1957 Warusi walirusha chombo angani, Wamarekani wakashtuka wakidhani wameachwa nyuma, wakaharakisha kubadili masomo ya hesabu. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na nchi za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakatunga vitabu vipya. Hizo ndizo hesabu za kisasa. Mtoto alifunzwa seti, yaani makundi ya vitu, na kuhesabu kwa namna nyingine zisizo za makumi. Ukihesabu kwa matano, saba huandikwa 12, maana ni tano moja na mbili zaidi. Fikirini mtoto anarudi nyumbani na kumwambia babu kwamba 4 na 3 ni 12, na mwalimu ametia alama ya sawa!

Watu wengi walizicheka, nasi twaona hawakuzitendea haki. Kuhesabu kwa mawili ndiyo kazi ya kompyuta, na fundi wa ishara aijua: taa imewaka au imezimwa, basi. Ubaya wake ulikuwa kwamba walimu wengi wenyewe hawakuwa wamezisoma, na mzazi hakuweza kusaidia hata kidogo. Mwaka 1981 serikali ya Rais Moi iliamuru ziondolewe.

Sisi wenyewe ni watu wa 8-4-4, iliyoanza mwaka 1985. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa na maswali 50 ya hesabu, kila moja na majibu manne, A, B, C, D, uchague. Njia uliyopitia hakuna aliyeitazama. Tulikuwa hodari wa kukisia. Tena tulifunzwa kwa Kiingereza, na ndiyo sababu mwenzetu aweza kupata jibu la asilimia, lakini akiombwa kumweleza kibarua langoni anakwama. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023.

Watoto wetu sasa wasoma mfumo wa umilisi, ulioenea nchini tangu mwaka 2019. Wahesabu kwa vifuniko vya chupa, wafungua duka la mchezo darasani, na mzazi aitwa kusaidia. Jambo hilo ni jema. Lakini katika mpango wa kwanza, hesabu haikuwa lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu. Wananchi wakalalamika, na mwaka 2025 Wizara ikatangaza kwamba wote watasoma, wa sayansi hesabu kamili, wengine hesabu nyepesi. Hiyo nyepesi ndiyo tuitazame kwa macho mawili, maana wengi wa wanaokuja kushika nyundo na spana watapitia huko.

Chukueni mfano. Tajiri asema atatoa nyongeza ya 6 kwa kila mia. Mwenye shilingi 18,000 apata 1,080. Mwenye 60,000 apata 3,600. Chama kikidai shilingi 1,500 sawasawa kwa kila mtu, wa kwanza aongezewa 420, wa pili apungukiwa 2,100. Ni nani anufaika na maneno "asilimia sita"? Tena kwa makato yaliyowekwa mwaka 2024, bima ya afya 2.75 na nyumba 1.5 kwa kila mia, huyo wa 18,000 hutoa 495 na 270, jumla 765. Ukiona namba nyingine hapo, uliza.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali saa moja ya hesabu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa hapa, kwa Kiswahili. Kila mwanachama aje na karatasi yake ya mshahara, na aliye na mtoto wa darasa la tano kwenda juu aje naye. Mtoto ndiye atakayepiga hesabu, mzazi atazame. Penseli na karatasi twaomba Bwana Mweka Hazina azitoe katika fedha za tawi.